Mama Alitaka Kuona Ziwa Tena



Juma hili sitaandika juu ya daftari za watoto wala juu ya karo. Nataka kuwasimulia safari ya siku nne niliyofanya pamoja na mama yangu mzazi mwezi wa 8 uliopita, wakati wa likizo kubwa. Tulikwenda Idjwi, kisiwa alikozaliwa, katikati ya ziwa Kivu. Nilidhani ninamsindikiza mzee akaage kwao. Mambo yakawa mengine, na ninaamini kwamba yanatuhusu sisi sote, tulio na mama wazee na sisi wenyewe tunaoelekea huko.

Nywele nyeupe tatu

Kwanza niseme ukweli juu yangu. Mwaka huu nimefikisha miaka 37. Najua wengi wenu mtacheka na kusema huyu bado mtoto. Lakini mwezi wa 6, siku ya kutoa bulteni, mama mmoja kijana aliingia darasani kwangu, amebeba mtoto mgongoni. Alikuja kuchukua bulteni ya binti yake wa darasa la 2. Akanisalimu kwa mikono miwili, akasema: “Mwalimu, haunikumbuki? Ulinifundisha mimi mwenyewe darasa la 6.”

Nilifurahi, nikamkumbatia. Lakini jioni, nilipofungua nywele zangu mbele ya kioo, nikaona nywele tatu nyeupe, moyo ukashuka. Nikaanza kuhesabu. Nilipomaliza ISP nilikuwa na mpango wa kuendelea hadi lisansi. Pesa ilikwenda kwa masomo ya wadogo zangu, kisha nikaolewa, kisha watoto watatu. Mwaka baada ya mwaka nilisema “mwaka kesho”. Sasa wanafunzi wangu ni wazazi, na mimi nasogeza daftari mbali na uso ili nisome vizuri maandiko ya watoto. Nililala usiku ule nikijiona kama mtu aliyekosa gari.

Sikumwambia mtu. Sisi wanawake tunajua kubeba mambo ya namna hii kimya, kama bidoni ya maji: shingo imenyooka, na hakuna anayejua uzito.

“Mimi nina mwaka huu”

Mama amepita miaka 60. Karatasi yake ya ubatizo inaandika 1957. Aliondoka Idjwi akiwa na miaka 19, alipoolewa na baba yangu, akaja kukaa Bukavu. Kwa zaidi ya miaka 30 aliuza sambaza katika soko la Kadutu. Sambaza hao walitulisha, walitusomesha, na walinunua bati za nyumba yetu. Miaka miwili iliyopita aliacha kuuza. Alikuwa anachanganya noti za franka 500 na za 1,000, wateja wakalalamika, na mara moja alirudisha pesa nyingi kuliko mtaji wake wa siku. Sisi watoto tulisema: “Mama amechoka, ni uzee. Akae nyumbani apumzike.” Tuliona kwamba tumesema maneno ya upendo.

Mwezi wa 7 alituita sote akasema anataka kwenda kuona ziwa la kwao. Alikuwa hajafika Idjwi tangu mazishi ya kaka yake, miaka 12 sasa. Kaka yangu mkubwa akauliza: “Mama, na magoti yako? Na boti hizi zenye kujaa?” Mdogo wangu akasema: “Tungoje mwaka kesho, mambo yatakuwa mazuri.”

Mama alisikiliza wote, kisha akajibu polepole: “Mwaka kesho ni wenu ninyi vijana. Mimi nina mwaka huu.”

Hakuomba pesa. Alikuwa ameweka zamu yake ya likelemba chini ya nguo, imefungwa katika kipande cha kikwembe. Alihitaji tu mtu wa kumshika mkono wakati wa kuingia botini. Shule ilikuwa imefungwa, nami sikuwa na neno la kujitetea. Nikasema nitakwenda, na nitachukua binti yangu wa miaka 10 ajue alikotoka koko wake.

Njiani

Tulifika bandarini asubuhi mapema. Boti ya kwanza ilikuwa imejaa watu na mizigo, na jile za kuokoa hazikutosha. Watu walitusukuma tupande. Nilikataa, na tulingoja boti nyingine zaidi ya saa mbili. Wamama, nawaomba msione haya kukataa. Heri kufika mchana kuliko kutofika. Hata mtoto anayejua kuogelea avae jile, na isifungwe ovyo ovyo shingoni, ifungwe vizuri kifuani.

Kijana wa boti alimpokea mama kwa heshima: “Koko, kaa hapa katikati, usilowe.” Tukaondoka. Upande wa kuume vilima vya Rwanda, upande wa kushoto vilima vya Kabare. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ndani ya sahani.

Mwalimu ni mwalimu hata likizoni. Nilimweleza binti yangu kwamba ziwa hili liko juu sana, kwenye mita karibu 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kina chake kinapita mita 480. Maji yake yanatoka kwa mto Ruzizi, unaoshuka hadi ziwa Tanganyika. Huko chini kabisa mna gezi nyingi iliyoyeyuka ndani ya maji. Nikamwambia pia jambo ambalo wengi hawalijui: sambaza si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakawekwa humu, wakazaana.

Mama, ambaye nilidhani anasinzia, alifungua macho. “Waliletwa mwaka gani?”

“Kati ya 1958 na 1960, Mama.”

Alicheka hadi jirani zetu wakageuka. “Kumbe mimi nilitangulia! Miaka yote nawauza, nikidhani wako hapa tangu Mungu aumbe maji. Kumbe wadogo zangu!”

Tangu hapo hadi kufika, kila mara aliponitazama alirudia: “Wadogo zangu.” Na akacheka tena.

Kilima ambacho hakukiona

Nyumba ya familia iko kusini mwa kisiwa, katika shefferi ya Ntambuka, juu ya kilima kinachotazama magharibi. Kutoka ukingoni hadi nyumbani kijana hupanda kwa nusu saa. Sisi tulitumia karibu saa mbili. Mama alipanda hatua ishirini, akakaa juu ya jiwe. Akapanda nyingine ishirini, akakaa. Nilianza kuudhika moyoni. Nina tabia ya kukimbia: darasa, soko, jiko, daftari. Nilimwuliza kama tutafute vijana wa kumbeba.

“Kwa nini?” akauliza. “Kuna mtu anakufa huko juu?”

Nikanyamaza, nikakaa karibu naye. Ndipo akaniambia maneno haya, ninayaandika kama nilivyoyasikia: “Nilipokuwa kama huyu mtoto wako, nilipanda hapa kila siku, asubuhi na jioni, maji kichwani. Nilipanda na kitunga cha mihogo, na kuni, na wadogo zangu mgongoni. Nilitazama miguu yangu tu, nisianguke. Kilima kilikuwa kazi. Sikujua kama ni kizuri. Nilipofika mjini ndipo nilianza kukiota. Leo sina mzigo. Acha nikae.”

Tulikaa. Mashamba ya kahawa, migomba, nanasi chini ya jua, harufu ya moshi wa jikoni kwa watu. Binti yangu aliokota majani na kuuliza majina, koko wake akayajibu kwa Kihavu baada ya kuyanusa na kuyagusa kwa vidole. Wakati ule niliona ni jambo zuri tu, kwamba anayajua majani hata kwa harufu. Sikujiuliza kwa nini hayaangalii.

Kwenye kiwanja cha nyumba mambo mengi yalikuwa yamebadilika. Mti wa avoka uliopandwa na babu ulikuwa umekatwa makala. Nusu ya shamba la ndizi lilikuwa limekauka kwa ugonjwa, watoto wa mjomba wakapanda mihogo. Nyumba ya udongo haiko tena; pamejengwa nyingine ya mbao na bati. Niliogopa mama atalia. Alizunguka polepole, akashika kisiki cha avoka, akasema: “Ulitulisha vizuri.” Kisha akauliza kama kuna chai.

“Ukungu huu ni wa kiangazi?”

Usiku wa kwanza mvua kidogo ilinyesha, mvua ya kutangulia msimu. Asubuhi hewa ilikuwa safi kabisa, vumbi lote la kiangazi limeoshwa. Tulimweka mama kwenye kiti mbele ya nyumba. Ng’ambo ya maji tuliona nchi ya Kalehe, na nyuma yake, upande wa kusini-magharibi, mlima Kahuzi wenye mita 3,308, umechongeka kama umekatwa kwa kisu. Katika maisha yangu sijauona wazi namna ile.

Mama alitazama muda mrefu. Kisha akauliza: “Ukungu huu ni wa kiangazi bado? Kahuzi haionekani.”

Binti yangu akacheka: “Koko, hakuna ukungu! Mlima ule pale!” Akanyosha kidole.

Mama hakujibu. Alishusha uso, akapangusa miwani ya kuazima aliyokuwa nayo, akaivaa tena, akaivua. Na mimi nilielewa vyote mara moja: noti za 500 na 1,000, majani ya kunusa, hatua ishirini ishirini, mkono wa kumshika botini. Mama yangu hakuwa amechoka. Mama yangu alikuwa anapofuka, na sisi watoto watano, pamoja na mwalimu mwenye diploma, tulikuwa tumeliita jambo hilo uzee.

Nilimwuliza kwa sauti ndogo: “Mama, tangu lini?”

“Miaka mitatu, minne. Kwanza jicho la kushoto. Kama mtu anapika mbele yangu, moshi hauondoki.”

“Kwa nini hukusema?”

“Mlisema ni uzee. Uzee nao una dawa?”

Aliongeza neno moja tena. Alisema kwamba ndiyo sababu alitaka kuja mwaka huu. Aliona kwamba mwaka kesho angekuja kusikia ziwa tu.

Maneno ya Mama Mkubwa

Mchana huo alikuja rafiki wa mama wa utoto. Wanazidiana miaka miwili, nami namwita Mama Mkubwa. Alifika na ndizi, na mguu wake unachechemea, lakini macho yake yanang’aa. Walishikana mikono kwa muda mrefu wakicheka kwa Kihavu, mimi nikisikia nusu tu. Mama alimwambia habari za macho yake kama vile mtu anavyosema habari ya mvua.

Mama Mkubwa akavuta kiti karibu. “Hata mimi nilikuwa na moshi huo. Nilikaa nao miaka miwili, nikisema ni wakati wangu. Mjukuu wangu akanipeleka hospitali ng’ambo. Walipasua jicho moja, nikalala usiku mmoja, asubuhi wakaondoa bandeji. Kitu cha kwanza nilichoona ni mikono yangu mwenyewe. Nikalia. Ilikuwa imezeeka sana! Sikuwa nimeiona.”

Wote wawili wakacheka. Kisha Mama Mkubwa akasema kwa uzito: “Ndugu yangu, mguu huu wangu ni uzee, nimeukubali, tunakwenda naye polepole kama mume mlevi. Lakini moshi ule haukuwa uzee. Ulikuwa ugonjwa umevaa kikwembe cha uzee.”

Sijasikia somo lililo bora kuliko hilo katika miaka yangu yote ya masomo.

Kisha akatuonyesha ng’ambo, upande wa Bushushu na Nyamukubi. Mnakumbuka mwezi wa 5 mwaka 2023, mito iliposhuka kutoka milimani baada ya mvua kubwa, ikabeba nyumba, soko na watu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawajaonekana hadi leo. Ziwa lilileta baadhi ya miili hadi pande za Idjwi, na watu wa kisiwa wakaipokea. Vilima kule bado vina alama nyekundu, kama mikwaruzo. “Wengi walikuwa watoto,” Mama Mkubwa alisema. “Walitafuta kuzeeka, hawakupata.”

Tulinyamaza sote. Nilifikiria nywele zangu tatu nyeupe nikaona haya.

Taa ziwani

Jioni ile jua lilizama nyuma ya milima. Giza lilipoingia, wavuvi walitoka. Mnajua namna ya mitumbwi yao: mitatu sambamba, imefungwa kwa miti mirefu, wavu katikati, na taa mbele. Sambaza hufuata mwangaza. Ndiyo maana usiku wa mbalamwezi kubwa wavuvi hupata kidogo: nuru imetawanyika kila mahali na samaki hawaoni sababu ya kuja kwenye taa. Kila muuza sambaza wa Kadutu anajua hesabu hiyo; siku za mwezi mkubwa bei hupanda.

Usiku ule mwezi haukuwako. Wavuvi walipiga kafi wakiimba, sauti ikapanda kilima hadi kwetu. Mama alimwita binti yangu: “Nihesabie taa.”

“Moja, mbili, tatu…” Alifika 17.

“Wakati wangu zilikuwa zaidi,” mama akasema. “Au nilikuwa mdogo na kila kitu kilikuwa zaidi.”

Nilipata ujasiri, nikamwambia habari yangu: kioo, nywele, lisansi ambayo sikuipata, mwanafunzi wangu aliyekuja na mtoto mgongoni. Nilimwambia kwamba naona miaka imepita bure. Nilidhani atanihurumia. Badala yake aliuliza swali la sokoni:

“Ukitoka soko, unahesabu nini? Vitu ulivyoacha juu ya meza za watu, au vitu vilivyo katika kitunga chako?”

“Vilivyo katika kitunga, Mama.”

“Basi wewe unahesabu meza za watu. Yule msichana aliyekuja na mtoto, alisoma kwa nani? Wadogo zako wamesoma kwa pesa ya nani? Hivyo viko katika kitunga chako. Na kama bado unataka hiyo lisansi, soko halijafungwa. Lakini usiende sokoni na kitunga kilichojaa ukilia kwamba kiko tupu.”

Baada ya muda akaongeza: “Mimi nimekuja kuaga, nikaona siagi kitu. Avoka umekatwa, nyumba imeanguka, na bado ni kwetu. Nimeshukuru. Lakini huyu rafiki yangu amenitia tamaa. Nataka kuhesabu taa hizi mimi mwenyewe.”

Tulivyofanya baada ya kurudi

Juma lililofuata nilimpeleka mama kwa daktari wa macho. Alimpima, akasema ni mtoto wa jicho, unaoitwa katarakte, macho yote mawili. Alitueleza vizuri, nami nawaelezeni kama nilivyoelewa. Ndani ya jicho mna kioo kidogo cha kupitisha mwangaza. Kwa watu wengi, miaka ikienda, kioo hicho kinakuwa cheupe kama dirisha lenye moshi. Hakuna dawa ya kudondosha wala majani ya kienyeji yanayokisafisha. Mengine yanaweza hata kuharibu jicho. Kinachosaidia ni upasuaji: wanaondoa kioo kilichochafuka, wanaweka kingine kidogo cha kutengenezwa. Mara nyingi kazi hiyo haimalizi saa moja, na mgonjwa hufanywa ganzi kwenye jicho tu. Duniani kote katarakte ni sababu ya kwanza ya upofu, na ni upofu unaoweza kuondolewa.

Alituonya pia kwamba si kila giza la macho ni katarakte. Kuna ugonjwa wa presha ya jicho, glokoma, ambao huiba macho kimya, na kilichopotea kwa ugonjwa huo hakirudi. Ndiyo sababu kupimwa mapema ni lazima. Usimngoje mzee aanguke ndani ya shimo ndipo uanze kuuliza.

Bei ilitutisha kidogo. Tulikaa watoto wote watano, tukagawana. Kaka yangu, yule wa magoti na boti, ndiye aliyetoa wa kwanza. Jicho la kushoto limepewa tarehe: juma la tatu la mwezi ujao. Mama anaogopa, hafichi. Lakini amekwisha kumwambia mjukuu wake kwamba likizo kubwa ijayo watahesabu taa pamoja, na atakayekosea atapika.

Uzee na ugonjwa: tusichanganye

Tangu safari ile nimeuliza wauguzi na kusoma, nami ninawaachia mambo machache ya kusaidia vikundi vyetu.

Kuona herufi za karibu kwa shida baada ya miaka 40 ni jambo la kawaida, miwani ya kusomea inatosha. Hata daftari zangu ninazozisogeza mbali ni hilo hilo, limekuja mapema kidogo. Lakini moshi mbele ya macho, maumivu, au kuona upande mmoja tu, si kawaida. Nenda kwa daktari.

Kukoma kwa mwezi, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, si ugonjwa. Joto la ghafla, usingizi mbaya na hasira fupi vinaweza kuja navyo vikapita. Mwanamke asichekwe nyumbani kwa ajili hiyo. Lakini mwanamke aliyemaliza mwaka mzima bila mwezi, akaona damu tena, hata kidogo, asiseme “ujana umerudi”. Aende hospitali bila kuchelewa.

Kutembea polepole ni kawaida. Kuanguka mara kwa mara si kawaida. Presha ya damu haina sauti. Mtu hujisikia mzima huku inaharibu moyo na figo. Ipimwe, hata kama haumwi kitu.

Kusahau mahali ulipoweka ufunguo hutupata sote. Kusahau njia ya nyumbani, au jina la mtoto wako, kunahitaji daktari.

Na neno la mwisho, wamama wenzangu. Kuridhika na miaka yetu ni jambo jema, nami nimeanza kujifunza. Zile nywele tatu sijazing’oa. Sasa zimekuwa tano. Lakini kuridhika si kukaa gizani na kusema ahsante. Mama yangu aliupokea uzee wake juu ya kilima, bila kulia, na usiku ule ule akaamua kupigania macho yake. Mambo hayo mawili yanakaa ndani ya moyo mmoja bila kugombana.

Basi jioni hii ukifika nyumbani, keti karibu na mama yako, au mama mkwe, au koko wa jirani. Usimwulize kama yuko sawa. Atajibu kwamba yuko sawa. Mwonyeshe kitu kilicho mbali, mti au paa la nyumba, mwambie: “Niambie unachokiona.” Kisha subiri jibu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni mahali gani ambako mama yako angependa kufika tena? Umekwisha kumwuliza?

2. Ni jambo gani la afya ambalo nyumbani kwenu mnaliita “uzee tu”? Nani alithibitisha?

3. Je, kikundi chetu kinaweza kutenga sehemu ndogo ya akiba kwa kupima macho na presha ya wamama wazee wa mtaa?

4. Wewe mwenyewe, ukihesabu kitunga chako leo, mna nini ndani?